Mwalimu Kifutio na Asilimia Sabini na Moja

Inatangazwa kwa walimu wote, wazazi, wanafunzi, wapishi wa shule na yeyote atakayekuwa anapita langoni Ijumaa saa nne asubuhi, kwamba Ofisi ya Ubunifu wa Elimu, baada ya kupima kwa vyombo visivyokosea, imempata Mtumiaji Bora wa Waraka wa Pamoja katika shule zote za wilaya. Mtumiaji huyo ni mwanamke wa miaka hamsini na minane, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye katika muhula mmoja tu ameandika maneno elfu themanini na moja ndani ya kazi za wanafunzi wake. Atapewa cheti chenye fremu. Atapigwa picha. Ataombwa aseme machache. Wote mnaombwa kufika mkiwa nadhifu, na kupiga makofi mtakapoonyeshwa ishara.

Tangazo hilo lilibandikwa ubaoni juu ya lile la miezi miwili nyuma, lililokwisha kupauka, lililosema kwamba mwanamke huyohuyo ameondolewa darasani kwa kosa la kuandika ndani ya kazi za wanafunzi wake. Hakuna aliyeona haja ya kulibandua. Pini zilikuwa chache, kwa hiyo matangazo yote mawili yalishikwa na pini moja.

Sasa usicheke kwanza. Tuanze mwanzo.

Mwalimu huyu amefundisha insha miaka thelathini na moja, na karibu miaka yote hiyo hajaitwa jina lake. Wanafunzi wanamwita Mwalimu Kifutio. Walimu wenzake wanamwita Kifutio, tena mbele yake. Hata mumewe, karani mstaafu wa posta, akiulizwa mtaani mama yuko wapi, hujibu, "Kifutio yuko shuleni, anapunguza ujinga. Mwingine kauacha hapa nyumbani, namtunzia."

Jina lilitokana na bati la biskuti. Biskuti zenyewe ziliisha enzi za ujana wake. Ndani ya bati kumejaa vifutio vya mpira: vipya, vikuukuu, vilivyotafunwa na watoto, na kimoja chenye umbo la sungura asiye na masikio. Maana mwalimu alikuwa na njia yake ya kufundisha, ambayo haimo katika kitabu chochote cha ualimu, na ingekuwemo wangeichana. Mtoto akikaa mbele ya karatasi tupu, kalamu mdomoni, macho dirishani, mwalimu hamhimizi, hamgombezi, wala hampi mfano mzuri. Anaketi pembeni yake, anachukua penseli, na kwenye karatasi ya mtoto anaandika sentensi mbaya. Si mbaya kidogo. Mbaya ya kutukana akili.

"Bibi yangu alikuwa mtu kwa sababu alikuwa na miguu miwili."

Mtoto anasoma, anakunja uso. "Mwalimu, hata kuku ana miguu miwili."

"Basi bibi yako alikuwaje?"

"Hakuwa hivyo!"

"Mimi sikumjua. Nimeandika nilichoona kinafaa."

Hapo mtoto anaomba kifutio. Anaifuta sentensi ya mwalimu karibu atoboe karatasi, na kwa hasira ileile anaandika ya kwake. Mwalimu anainuka polepole, anakwenda kumuudhi mwingine. "Huwezi kumlazimisha mtoto aseme kweli," alizoea kusema katika chumba cha walimu, akikoroga chai yake. "Lakini ukimsingizia, atajitetea." Mwisho wa kipindi alipita dawati kwa dawati akipuliza vumbi la mpira, na ya mwalimu yote yakawa yameondoka na upepo.

Mwaka jana ukaja waraka wa pamoja.

Ukaja na mkufunzi mwenye kitambulisho kinachoning'inia kifuani kama kengele ya mbuzi. Alieleza vizuri, tusimnyime haki yake. Ni karatasi moja isiyoshikika, alisema, iliyo ndani ya kompyuta zote kwa wakati mmoja. Mwanafunzi anaandika kule, mwalimu anaziona herufi zikiingia huku. Kila mtu ana rangi yake na kimstari chake kinachopepesa pale alipo, kwa hiyo hakuna wa kujificha.

"Na uzuri wake, walimu wangu," akapaza sauti, "humu hakipotei kitu! Kila herufi: nani kaiandika, saa ngapi, nani kaifuta. Hata ukifuta, ipo!"

Walimu wakapiga makofi. Kifutio akainua mkono.

"Kwa hiyo ukifuta, haifutiki?"

"Haifutiki kamwe, mama!"

"Basi kitufe cha kufutia mmekiweka cha nini?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mkufunzi naye akacheka, akasema hilo ni swali zuri sana, akaenda kunywa chai.

Chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine ishirini na mbili. Tatu zilikuwa zimekufa, zikafunikwa vitambaa kwa heshima zote. Moja haikuwa na herufi A, na mwanafunzi aliyepangiwa hapo alikuwa akizinakili A kutoka sentensi za wenzake, akazibandika kwake moja moja, mpaka darasa zima likamwita Mwizi. Siku ya kwanza mwalimu aliwaingiza wote katika waraka mmoja. Ilikuwa kama kufungulia kuku arobaini ndani ya duka la vyombo. Mmoja kaandika kichwa cha habari, mwingine kakifuta, wa tatu kauliza kwa herufi kubwa nani kajamba mstari wa tano, na vimstari vyote vikaukimbia mstari wa tano. Mwalimu alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Ndiyo maana ikafungwa uzi.

Kuanzia wiki ya pili kila mwanafunzi akapewa waraka wake, na mwalimu akawa na ruhusa ya kuingia popote. Rangi yake ilikuwa zambarau. Na hapo ndipo alipompata Kimya.

Kimya alikuwa binti wa miaka kumi na saba, aliyekaa mashine ya mwisho, chini ya feni mbovu. Ukimuuliza swali alitikisa kichwa. Ukirudia, alikitikisa upande wa pili. Rekodi yake ya uandishi kwa miaka miwili ilikuwa mistari mitatu, mmoja ukiwa tarehe. Mwalimu alikwishaketi pembeni yake mara nyingi na penseli, na sentensi mbaya za kila aina, lakini mtoto alikuwa akizitazama tu, mwili umekakamaa, kama mtu anayepimwa shinikizo la damu. Mwaka huo ulikuwa wa kumaliza shule, na kila mwanafunzi alitakiwa kuandika mradi wa uandishi. Mradi ulikuwa robo nzima ya alama za mwisho. Bila robo ile, Kimya asingeendelea na masomo. Mama yake alikuwa mpiga deki hospitalini, na alikwishaulizia huko kama wanahitaji wa pili.

Asubuhi moja mwalimu, akiwa kwenye kiti chake upande wa pili wa chumba, hata hakuinua uso. Aliingia katika waraka mtupu wa Kimya akaandika kwa zambarau: *Mama yangu ni mtu safi kwa sababu kazi yake ni usafi.*

Kimstari cha kijani, cha Kimya, kikakaa. Kikapepesa. Mwalimu akahesabu mpaka thelathini. Kisha sentensi ikaanza kuliwa kutoka nyuma, herufi moja moja, kama mtu anayeng'oa misumari. Ilipokwisha, kijani kikaandika:

*Mama harudi safi. Anarudi ananuka dawa, na anaoga kabla hajatusalimia.*

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaandika: *Kazi ya mama yangu ni rahisi, haihitaji akili.*

*Wewe ulishapiga deki hospitali?* kikauliza kijani palepale.

*Sijawahi.*

Kijani kikafuta yote mawili, swali na jibu, kikaandika: *Mama anajua nani amekufa kabla ya ndugu zake, kwa sababu anaambiwa apeleke ndoo chumba namba sita wakati wao bado wamekaa kwenye benchi na matunda ya mgonjwa.*

Kule mwisho wa chumba binti alikuwa ameinama kama kawaida, mikono tu ndiyo inakwenda. Hakuna aliyemtazama, hakuna aliyeketi pembeni yake. Kumbe mtoto hakuwa amekosa la kusema. Alikuwa amekosa umbali.

Waligombana hivyo wiki sita. Zambarau ikiandika upuuzi, kijani kikifuta na kuandika kweli. Mwalimu alijikuta nyumbani, akikata vitunguu, anatunga sentensi mbaya kwa sauti. "Wafu hawana usumbufu," alinong'ona siku moja juu ya sufuria, na mumewe akashusha gazeti.

"Mke wangu, tumekosana?"

"Ni kwa ajili ya shule."

"Enhe. Na mimi nilianza kuandika wosia."

Mradi ulipokwisha ulikuwa na kurasa nne: *Ndoo ya Chumba Namba Sita*. Ndani yake hakukuwa na neno hata moja la mwalimu. Aliusoma mara mbili, akafunga kompyuta, akaenda kunawa uso.

Sasa, katika jengo la elimu la wilaya kuna ofisi mbili zinazotenganishwa na korido moja na kuunganishwa na birika moja la chai. Moja ni Ofisi ya Ubora, nyingine ni Ofisi ya Ubunifu. Ofisi ya Ubora ilikuwa na kanuni: mchango wa mwalimu katika mradi wa mwanafunzi usizidi asilimia ishirini. Mfumo unahesabu wenyewe, herufi kwa herufi, zilizobaki na zilizofutwa. Mwalimu Kifutio hakuijua kanuni hiyo. Ilikuwa ukurasa wa arobaini wa mwongozo ambao ulitumwa ukiwa na kurasa thelathini na nane.

Aliitwa ofisini kwa mkuu wa shule. Afisa Ubora, mwanamama mwenye sauti ya upole ya daktari wa meno, alikuwa amekwisha kupamba meza kwa karatasi. Ya juu kabisa ilikuwa chati ya duara, kama mkate uliokatwa na mlafi: zambarau asilimia sabini na moja, kijani kipande kilichobaki.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Afisa, kisha akamshitaki. "Tarehe tisa, saa nne na dakika kumi na mbili, umeandika: 'Hospitali ni mahali pazuri pa kupumzika.' Ulikusudia nini?"

"Kumuudhi."

"Unakiri kumuudhi mwanafunzi?"

"Nakiri. Na aliudhika vizuri sana."

Mkuu wa shule, ambaye alikuwa anakaribia kupandishwa cheo na kwa hiyo alikuwa akipumua kwa uangalifu, alikohoa.

"Saa nne na dakika kumi na tano," aliendelea Afisa, "'Wafu hawana usumbufu.'"

"Mwalimu," alisema mkuu kwa kunong'ona, "nyumbani kwema?"

"Kwema. Mama, hiyo insha unayo hapo? Isome. Tafuta sentensi yangu moja iliyobaki. Ukiipata, naacha kazi leo, kabla ya chai."

"Mfumo hauulizi kilichobaki, mwalimu. Unauliza nani kaandika."

"Lakini umeisoma?"

"Insha si sehemu ya faili," alisema Afisa, bila ubaya wowote.

"Chati haina chuki na mtu," aliongeza mkuu.

Wakamwita Kimya. Akasimama mlangoni, viatu vimebana pamoja. Afisa akamuuliza kwa upole kama maneno ya insha ni yake. Binti akaitikia kwa kichwa, ndiyo. Akaulizwa aeleze basi mwalimu alifanya nini. Akafungua mdomo, akawaona wote watatu wanamtazama, akaufunga.

"Iandikwe," alisema Afisa, "kwamba mwanafunzi hakutoa maelezo."

Kisha likawekwa jambo mezani. Mwalimu akisaini kwamba insha aliiandika yeye, mtoto atahesabiwa hana kosa na ataruhusiwa kuandika upya chini ya usimamizi. Mwalimu ataondolewa darasani mpaka astaafu. Asiposaini, mradi unafutwa kabisa, mtoto anakaa bila ile robo, na uchunguzi utaendelea kwa muda usiojulikana. Apewe mpaka kesho asubuhi afikirie.

Mumewe alimsikiliza mpaka mwisho akiwa kwenye kizingiti cha jikoni, jua la jioni likimpiga kwenye upara.

"Posta tulikuwa na karatasi ya kaboni," alisema. "Ukikosea fomu unachana ya juu, ya chini inabaki inakucheka. Kila karani alijua hilo. Nyinyi walimu mlidhani dunia yote ni ubao na dasta."

"Sijaomba hotuba, mzee. Nisaini?"

"Ukisaini utakuwa umesema uongo."

"Ndiyo."

"Mbaya kiasi gani?"

Akafikiri. "Mbaya ya kutukana akili."

"Basi si ndiyo kazi yako miaka yote? Waandikie. Pengine atatokea wa kukasirika aifute."

Asubuhi akaandika kwa mkono wake, kwa hati nzuri: *Mimi ndiye niliyeandika insha ya mwanafunzi wangu.* Akaisukuma karatasi mezani, akangoja. Alimtazama Afisa, akamtazama mkuu aliyemfahamu tangu akiwa mwalimu wa zamu anayepoteza filimbi kila wiki, mtu aliyewahi kumwona akipuliza vumbi la mpira kwenye madawati mara elfu moja. Alingoja mmoja wao akunje uso. Aseme, hapana, hakuwa hivyo.

Afisa akagonga muhuri. Mkuu akasema, "Afadhali, mwalimu. Tumelimaliza kiutu uzima."

Akapewa stoo ya vitabu: rafu sita, ngazi moja, daftari la kusaini vifaa vinavyotoka, na panya mmoja aliyekuwa pale kabla yake na aliyeendelea kama vile hakuna kilichotokea. Alihama na bati lake la biskuti. Walimu wenzake walikuja kumpa pole mmoja mmoja, na kila mmoja aliondoka na boksi la chaki.

Kimya aliandika upya. Alipewa saa mbili, kompyuta moja, na Afisa Ubora akiufuatilia waraka wake moja kwa moja, kimstari cheusi cha Ofisi kikipepesa kwenye kona ya ukurasa wakati wote. Zile kurasa nne za mwanzo zilifungwa, hazifunguki kwa nywila ya shule. Saa moja na nusu ukurasa ulikaa mtupu. Mwishoni akaandika mistari sita, na wa kwanza ulikuwa huu: *Mama yangu ni mtu safi kwa sababu kazi yake ni usafi.*

Mfumo ukaipima. Asilimia mia ya mwanafunzi. Duara zima kijani, kama jani. Alama: wastani. Robo ikapatikana kwa kubanabana, na Ofisi ya Ubora ikaandika kwamba utaratibu umeonyesha mafanikio.

Wiki iliyofuata Kimya alitumwa stoo kuchukua karatasi. Walikuwa wawili tu, mwalimu juu ya ngazi, binti chini.

"Nimeambiwa ulichoandika," alisema mwalimu bila kugeuka. "Mwanangu, sentensi ile? Katika zote?"

Binti akanyamaza, na mwalimu akadhani mambo yamerudi kama zamani. Akaendelea kuvuta robota la karatasi.

"Hakukuwa na wa kuniudhi," alisema Kimya.

Ilikuwa sentensi ya kwanza ambayo mwalimu alimsikia akiisema kwa mdomo. Alishuka ngazi taratibu, akampa karatasi, akamwonyesha mahali pa kusaini. Akafungua bati, akampa yule sungura asiye na masikio. Binti akamtia mfukoni, akaondoka. Hilo tu. Msitegemee kulia pale. Panya alikuwa anatafuna kitabu cha jiografia na ilibidi afukuzwe.

Na upande wa pili wa korido, Ofisi ya Ubunifu nayo ilikuwa imeuliza mfumo swali lake, maana kila ofisi ina swali lake: mwalimu gani anatumia waraka wa pamoja kuliko wote? Mfumo, ambao kweli hauna chuki na mtu, ukajibu.

Ijumaa ikafika. Ukumbi ulijaa, feni zikakoroga joto. Cheti kilikuwa na fremu kama ilivyoahidiwa. Afisa Ubunifu, kijana wa suti aliyefurahi kwa dhati, alisoma zile takwimu, maneno elfu themanini na moja, akasita kidogo ili yaingie. Afisa Ubora alikuwa safu ya pili. Ilipotolewa ishara alipiga makofi, kwa kuwa hiyo ilikuwa shughuli ya ofisi nyingine. Mkuu wa shule alipiga kwa nguvu kuliko wote. Kule nyuma, karibu na mlango, binti mmoja alikuwa ameweka mikono yote miwili mfukoni.

Mwalimu Kifutio alipanda jukwaani na funguo zake kiunoni zikilia. Akapokea fremu. Akapigwa picha, mara mbili, kwa sababu ya kwanza alifumba macho.

"Mama yetu," alisema Afisa Ubunifu, akimsogezea kipaza sauti, "taifa la kesho linakusikiliza. Waeleze walimu wenzako: unatumia siri gani kule darasani?"

Mwalimu akakitazama kile kipaza sauti, akaitazama safu ya pili, akamtazama mkuu.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Mimi siku hizi natunza stoo."